Nani Amfunde Msichana? Vitabu vya Wasichana Katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Katika mila za makabila mengi ya nchi yetu, na hasa katika miji na vijiji vya pwani, kumfunda msichana ilikuwa kazi yenye wenyewe. Mwali alipovunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi wake, akawekwa ndani, akafundishwa kwa nyimbo, kwa ngoma na kwa mafumbo mambo ambayo hayakusemwa hadharani. Baba hakuwa na neno katika shughuli hiyo. Mama mzazi naye aghalabu alikaa pembeni, maana ilionekana ni aibu mzazi kuyataja mambo hayo mbele ya mtoto aliyemzaa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, ametuachia habari nyingi za namna hiyo. Jambo moja linatokeza wazi: mafunzo ya msichana yalikuwa na mahali pake, na wakati wake, na mtu wake.

Kitabu hakina mahali pake wala mtu wake. Kikishachapwa huenda popote, husomwa usiku kwa mwanga wa koroboi, huazimwa, hufichwa chini ya godoro. Ndiyo maana kila kitabu cha Kiswahili kilichojaribu kusema na wasichana juu ya maisha yao kimekutana na swali lile lile: nani aliyekupa ruhusa? Makala haya yana nia ya kulifuata swali hilo tangu katikati ya karne ya 19 hadi siku zetu hizi. Hatutavitaja vitabu vyote. Tutakaa zaidi na kimoja ambacho, kwa maoni yetu, kilifunua ugomvi huo kuliko vingine vyote.

Hapana budi kuanza na mama wa Kipate. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyejulikana kwa ukaidi wake dhidi ya Sultani wa Unguja. Mnamo mwaka 1858, akiwa mjane na akiwa mgonjwa wa maradhi ambayo hatimaye yalimwua, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Wengi wetu tuliusoma shuleni kama mafunzo ya utii: mke amnyenyekee mumewe, ampepee, amkande, asimkere, maana radhi ya mume ni mlango wa pepo. Mafunzo hayo yamo, wala hakuna haja ya kuyaficha. Lakini msomaji atazame mwanzo wa utendi. Mama anamwita binti yake asogee, tena aje na wino na karatasi. Maana yake ni kwamba msichana yule wa Siyu alijua kuandika. Mama hatumii ngoma wala kungwi; anachukua utendi, chombo ambacho wanaume walikitumia kusimulia vita na maisha ya Mitume, na kwa chombo hicho anasema na mwanawe. Wala hasemi naye peke yake, kwa kuwa anataka wanawake wengine nao wausome.

Mapokezi ya utendi huo yana mafundisho yake. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha huko Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina lenye kuonyesha kwamba ni ushauri juu ya wajibu wa mke. Jina hilo liliubana. Sala ndefu za mwanamke anayekufa, kumbukumbu zake za ndoa yake na huruma yake kwa maskini ziligeuka kuwa pembeni, na katikati akabaki mume. Baadaye wahakiki wengine, akiwamo Ann Biersteker, waliusoma upya wakauliza kama mama huyu hakuwa akimpa binti yake, chini ya maneno ya unyenyekevu, hekima ya namna ya kumtawala mtu anayemtawala. Kwani mume anayelazwa kama mtoto mchanga na kutunzwa kila saa ni mume wa aina gani? Sisi tunaona hoja hiyo ina nguvu, ingawa haifai kuisukuma mbali mno. Mwana Kupona alikuwa mtu wa dini na wa zama zake. Ila ni kweli kwamba utendi uliosifiwa kwa kuwafundisha wanawake kunyamaza ulitungwa na mwanamke asiyenyamaza.

Shaaban Robert alimfuata kwa njia yake. Alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, wasia wa baba, na kwa kufanya hivyo alivuka mpaka ambao baba wa zamani asingeuvuka. Jambo kubwa zaidi ni Wasifu wa Siti Binti Saad. Hapo mwandishi mkuu wa lugha yetu alichagua kuandika maisha ya mwanamke aliyezaliwa katika umaskini, aliyekuja Unguja mjini akiuza vyungu, akawa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Jina la Siti tutalikuta tena mbele.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, hali ya wasomaji ilikuwa duni. Watu wazima wengi hawakujua kusoma na kuandika, na wanawake wasiojua walikuwa wengi kuliko wanaume. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba hali ya mwanamke ilikuwa kasoro ya jamii yetu ya jadi, kwa kuwa wanawake walibebeshwa kazi kuliko haki. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, iliyotaka ndoa iwe ya hiari ya pande zote mbili, na iliyosema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hali mvulana alipaswa kufikisha miaka 18. Serikali ilikuwa imeingia ndani ya nyumba kwa mguu mmoja, mwingine ukabaki nje.

Mwaka huo huo, 1971, kijana mmoja wa Ukerewe mwenye umri wa miaka 27, Euphrase Kezilahabi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika.

Wasomaji wengi wanaijua hadithi yenyewe, lakini tuikumbushe kwa ufupi. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo, Ukerewe. Zakaria ni mlevi. Regina ndiye anayefanya kazi, na ndiye anayepigwa. Baba huyu hamjui binti yake, ila anamlinda kwa kiboko: barua moja tu ya kijana Charles inamletea Rosa kipigo kikali. Msichana aliyelelewa hivyo anapelekwa shule ya bweni ya masista huko Mwanza akiwa haelewi lolote juu ya wanaume isipokuwa kwamba ni hatari. Wala hakuna anayemweleza hatari yenyewe ni ipi. Anaanza kwa kuogopa kupita kiasi, na akishaharibiwa na mtu mzima mwenye cheo, hofu ile inageuka kuwa kutojali. Akifika chuo cha ualimu, Morogoro, jina lake linakuwa gumzo, na mkuu wa chuo mwenyewe anakuwa mmoja wa wanaomtumia. Anatoa mimba. Mwishowe anapojaribu kurudi kwenye maisha ya utulivu na kuolewa na Charles, kijana huyo anamwacha kwa sababu si bikira. Rosa anajiua. Swali la nani alaumiwe, baba au binti, mwandishi analipeleka hadi mbele ya hukumu isiyo ya dunia hii, wala halimalizi kwa namna ya kumridhisha kila mtu.

Riwaya ilipendwa mara moja, na ikazuiwa isisomeshwe shuleni.

Tujiulize kwa utulivu kwa nini ilizuiwa. Haiwezekani kusema kwamba kitabu kinausifu uasherati, maana hakuna anayefurahi ndani yake, na anayefuata njia ya Rosa anaiona kaburi mbele yake. Kama ni mahubiri, haya ni mahubiri makali kuliko mengi ya mimbarini. Kosa lake lilikuwa jingine. Kwanza, kilitaja kwa majina ya kawaida mambo ambayo kungwi aliyasema kwa fumbo: damu, mimba, kutoa mimba, tamaa. Pili, na hili ndilo zito, hakikuishia kwa msichana. Kilimtaja baba, kilimtaja mtumishi wa serikali, kilimtaja mkuu wa chuo. Hadithi za kuonya wasichana zilikuwapo siku zote, na katika hizo kosa ni la msichana: alikuwa mkaidi, hakusikia la mkuu, akavunjika guu. Kezilahabi aligeuza methali hiyo akauliza mkuu mwenyewe alisema nini, na alifanya nini usiku. Mwalimu aliyetakiwa kuisomesha riwaya hiyo alitakiwa kusimama mbele ya wasichana na kusoma kwa sauti habari za mwalimu.

Hapo ndipo tunapoona jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha historia hii yote. Msichana wa shule aliyepata mimba wakati huo alifukuzwa. Hakuulizwa mimba ni ya nani kwa nia ya kumsaidia. Aliondolewa ili wenziwe wasiambukizwe mfano mbaya, na aliyempa mimba mara nyingi aliendelea na kazi yake au masomo yake. Kitabu kilichoeleza jinsi msichana anavyofikishwa hapo kilitendewa vivyo hivyo. Nacho kiliondolewa ili wasichana wasiambukizwe. Aliyeonyesha jeraha alihesabiwa kuwa ndiye jeraha.

Kukizuia hakukusaidia sana. Kitabu kilichokatazwa darasani hakihitaji tangazo jingine. Baada ya muda marufuku ilikoma, riwaya ikatolewa tena mwaka 1981, na ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa katika shule za sekondari, Tanzania na Kenya pia. Mwalimu yeyote aliyewahi kuikabidhi kwa darasa la wavulana na wasichana anajua yanayofuata. Uliza tu: nani aliyemwua Rosa? Wavulana hutangulia kusema amejiua mwenyewe. Kisha msichana mmoja, aghalabu yule asiyeinua mkono siku nyingine, humtaja Zakaria. Mwingine humtaja mkuu wa chuo. Mwingine humtaja Charles, na hapo wavulana huanza kupiga kelele, kwa kuwa Charles ndiye wanayemwona kuwa kijana mwema.

Je, Rosa Mistika ni kitabu cha ukombozi wa mwanamke, au kwa neno la leo, cha ufeministi? Haifai kukisifu kwa sifa isiyo yake. Kiliandikwa na mwanamume, na shujaa wake anakufa. Wahakiki wengi wamesema, na ni kweli, kwamba katika riwaya zetu nyingi mwanamke aliyeteleza hapewi njia ya kurudi. Mwandishi humwua, au humtia wazimu, au humtupa danguroni, kana kwamba hadithi haiwezi kufungwa mpaka alipe. Kezilahabi aliona vizuri ni nani waliomfikisha Rosa ukingoni, lakini hakumwona Rosa akirudi nyuma hatua hata moja. Regina naye anavumilia tu. Wasichana walioisoma walijifunza kutambua mtego. Namna ya kutoka mtegoni walipaswa kuitafuta kwingine.

Wanawake walikuwa wameshaanza kuandika. Penina Muhando, mzaliwa wa mkoa wa Morogoro, alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974. Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975, juu ya vijana wanaokimbia kijiji na kuikuta mjini shida ile ile kwa sura nyingine; mwandishi huyu alifariki mwaka 1987, kabla hajatupa yote aliyokuwa nayo. Tunawataja kwa haraka si kwa sababu ni wadogo, bali kwa sababu tunataka kufika kwenye Nguzo Mama.

Tamthilia hii ya Muhando ilitoka mwaka 1982. Katika kijiji cha Patata wanawake wanataka kuisimamisha nguzo kubwa. Hawana majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Kila wanapoishika nguzo, jambo la nyumbani linamwita mmoja wao: huyu mume, huyu biashara yake, huyu mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu. Wanagombana wenyewe kwa wenyewe, na nguzo haisimami. Ikumbukwe kwamba wakati huo Chama na Serikali vilikuwa vimetangaza miaka mingi kwamba mwanamke amekombolewa. Kuna jumuiya, kuna mikutano, kuna vitenge vya sherehe. Muhando, bila kutukana mtu, aliweka nguzo chini jukwaani akawaacha watazamaji waitazame. Wapo walioona kwamba tamthilia inawalaumu wanawake kwa kukosa umoja. Sisi tunaona lawama imegawanywa kwa haki zaidi: wanawake wa Patata hawashindwi kwa uvivu, wanashindwa kwa sababu kila mmoja amefungwa kamba nyumbani kwake, na kamba hiyo sheria haijaikata. Tena hakuna anayekufa kwa kuteleza. Tofauti hiyo na Rosa Mistika si ndogo. Msichana anayesoma Nguzo Mama anabaki na kazi ambayo haijaisha.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida. Wangeweza kuliita jina lolote. Waliliita Sauti ya Siti. Hivyo mwuza vyungu wa Unguja, aliyehifadhiwa katika wasifu wa Shaaban Robert, akawa jina la jarida lililoandika juu ya vipigo, ubakaji na haki za wasichana. Kampeni za chama hicho na wenzake zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Shule nazo zilibadilika, ingawa kwa kusitasita. Mwaka 1995 ilitoka tamthilia fupi ya Kilio Chetu, iliyotayarishwa na Medical Aid Foundation wakati ugonjwa wa ukimwi ulipokuwa ukimaliza vijana. Ndani yake wazazi wanabishana: je, mtoto aelezwe mambo ya mwili wake, au anyamaziwe na kuchapwa? Mama Suzi anachagua fimbo, na Suzi anapata mimba. Huyu ni Zakaria aliyevaa kanga. Lakini safari hii kitabu hakikuzuiwa. Kiliwekwa katika orodha ya vitabu vya kidato cha tatu na cha nne, kikatahiniwa. Jambo lililofukuzwa katika miaka ya 1970 lilikuwa sasa linaulizwa katika mtihani wa taifa.

Kitabu kilirudishwa shuleni. Msichana bado. Kanuni za mwaka 2002 ziliendelea kutoa nafasi ya kumfukuza mwanafunzi kwa makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, adhabu ya anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi ikafikia kifungo cha miaka 30, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019. Lakini mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule za serikali. Ni mwezi Novemba mwaka 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, waruhusiwe kurejea katika mfumo rasmi. Miaka 50 kamili ilikuwa imepita tangu Rosa Mistika ilipotoka. Mwandishi wake hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki Januari 2020.

Hata hivyo kulikuwa na walioanza mapema kuliko waraka wowote. Mwaka 1996 Penina Muhando, ambaye sasa alijulikana kwa jina la Penina Mlama, pamoja na mwenziwe Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha katika shule za sekondari mpango ulioitwa Tuseme. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji. Katika Tuseme wasichana hawapewi kitabu. Wanakaa pamoja, wanataja yanayowazuia kusoma, wanayachambua, kisha wanayatungia mchezo na kuucheza mbele ya wanafunzi wenzao, walimu na wazazi. Mimba zimo. Karo imo. Kazi za nyumbani zimo. Na mwalimu anayemwita msichana nyumbani kwake jioni yumo pia, safari hii akiigizwa na msichana mwenyewe, aliyevaa koti kubwa la kuazima, huku mwalimu mkuu ameketi mstari wa mbele.